Vitenzi vyenye mkia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu phrasal verbs za Kiingereza

Nafundisha Kiingereza jioni, Moshi mjini, kwa watu wazima: waongoza watalii, wapokezi wa hoteli, madereva, dada wawili wa duka la dawa na fundi baiskeli mmoja ambaye hajakosa kipindi tangu aanze. Wote wamekwisha vuka hatua ya mwanzo. Wanajieleza, wanafuata habari redioni, wanaandika barua pepe. Wanapokwama ni palepale kila muhula, kwenye vile vitenzi vya maneno mawili au matatu ambavyo Waingereza huviita phrasal verbs. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza, na majibu ninayoyatoa nikiwa na muda.

Phrasal verb ni nini hasa, na kwa nini mnasema kitenzi kina mkia?

Ni kitenzi cha kawaida, mara nyingi kifupi kama "go", "get", "put" au "take", kilichofuatwa na kijineno kimoja au viwili kama "up", "off", "out", "on", na kwa pamoja vikatoa maana moja. "Look" ni kutazama. "Look after" ni kutunza. "Look for" ni kutafuta, "look into" ni kuchunguza, na "look down on" ni kudharau. Kichwa ni kilekile, ila ukibadilisha mkia umebadilisha mnyama.

Jina la mkia ni la darasani kwetu, usilitafute kwenye kamusi. Nilichoka kusema "kielezi au kihusishi kinachofuata kitenzi", na wanafunzi walichoka kusikia.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Kiswahili nacho hucheza na ncha ya kitenzi, ila mchezo tunaufanya ndani ya neno: funga, fungua, fungia, fungana, fungamana. Mwingereza hana mnyambuliko wa kiasi hicho, kwa hiyo huokota kijineno na kukiweka nyuma, akiacha nafasi katikati. Vaa na vua kwake ni "put on" na "take off". Kimbia ni "run away", kimbiza ni "run after". Mwanafunzi aliyeelewa unyambulishaji sekondari ana nusu ya dawa mkononi, hata kama alipata D.

Najua "give", najua "up". Mbona nikijumlisha sipati "kata tamaa"?

Kwa sababu ileile inayomfanya Mjerumani anayejifunza Kiswahili asipate kitu akijumlisha "kata" na "tamaa". Atamwona mtu ameshika kisu. Muulize mgeni yeyote habari za "piga": tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, hodi, chafya, magoti, kambi na kura, na hakuna anayeumia. Tunakula kiapo, njama, hasara na chumvi nyingi, na njaa iko palepale. Wewe hukuvijifunza hivyo kwa kujumlisha. Uliambiwa "piga mswaki ukalale", ukaenda.

Hata hivyo si kila kitenzi chenye mkia ni fumbo. "Sit down", "come back" na "go out" viko wazi kabisa. "Write down" na "eat up" viko nusu wazi. Fumbo la kweli ni kama "give up", au "put up with" yenye maana ya kuvumilia, au "make out" unapoona kitu kwa shida gizani. Haya ya mwisho ndiyo ya kukaririwa yakiwa mazima.

Viko vingapi? Lazima nivijue vyote?

Kamusi maalumu huorodhesha maelfu. Usitishike, hata Mwingereza hatumii vyote.

Mwaka 2007 watafiti wawili, Dee Gardner na Mark Davies, walichambua British National Corpus, hazina ya maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza. Walikuta kwamba vitenzi 20 tu, vikiunganishwa na mikia 8, vinabeba zaidi ya nusu ya phrasal verbs zote zilizojitokeza humo. Vitenzi vyenyewe unavijua tangu shule ya msingi: "go", "come", "take", "get", "turn", "bring", "look", "put" na ndugu zao. Mikia minane ni "out", "up", "on", "back", "down", "in", "off" na "over".

Mwaka 2015 Mélodie Garnier na Norbert Schmitt walitoa orodha ya phrasal verbs 150 zinazotumika zaidi pamoja na maana zake kuu, nazo maana zilikuwa 288. Yaani wastani wa maana mbili kwa kila kimoja. Kileleni kabisa yuko "go on", akifuatwa na "pick up". Chukua 5 kwa wiki na 150 utazimaliza kwa wiki 30. Wapo wanaouza vitabu vya phrasal verbs 1,000 kwa mtu wa ngazi ya kati. Mimi singenunua.

Kwa nini Waingereza walijiletea taabu hii?

Hawakukusudia. Kiingereza cha kale kiliweka vijineno vingi mbele ya kitenzi, na mabaki yake unayaona kwenye "understand", "overcome" na "withstand". Pole pole vikahamia nyuma. Halafu mwaka 1066 Wanormani wakaiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama, huku Kilatini kikishika kanisa na elimu. Maneno makubwa makubwa yakaingia kwa mlango huo, na baadaye wasomi wakaongeza mengine kutoka Kilatini moja kwa moja. Jikoni na shambani watu walibaki na "put" zao na "take" zao. Ndiyo maana leo kuna jozi: "put off" na "postpone", zote kuahirisha, "put out" na "extinguish", zote kuzima moto.

Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kiri kwamba vitenzi vya aina hii ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko kitu kingine. Kwa hiyo ukiumwa kichwa ujue umo kwenye foleni ya zamani.

Kuna kisa kingine ninachokipenda. Mwaka 1930 Charles Kay Ogden alitoa Kiingereza kilichopunguzwa hadi maneno 850, akiamini mgeni atakijua haraka. Vitenzi alivibana vikabaki vichache sana. Lakini kazi ya vile alivyovifuta ilipaswa kufanywa na vilivyobaki, na vilivyobaki ni hawa hawa "put", "get", "take" na "go" pamoja na mikia yao. Maneno yalipungua kwenye karatasi, mzigo ukahamia kwenye miunganiko.

Ni "turn off the radio" au "turn the radio off"?

Zote mbili ni sahihi, chagua inayokukaa mdomoni. Ugomvi huanza unapoitoa redio na kuweka kiwakilishi. Hapo ni "turn it off" tu. "Turn off it" ni kosa, na ni kosa ambalo Mwingereza hulisikia mara moja hata kama hawezi kukueleza sababu.

Sasa tazama Kiswahili. Unasema "zima redio", redio ikikaa nje ya kitenzi. Ukiitaja kwa kiwakilishi unasema "izime", na ile "i" imeingia ndani. Huwezi kusema "zime-i". Kanuni ni hiyohiyo: nomino yaweza kukaa nje, kiwakilishi lazima kiingie ndani. Mwamshe, "wake him up". Wachukue, "pick them up". Itupe, "throw it away". Vivae, kama ni viatu, "put them on". Kila mara kile kiambishi chetu cha katikati kina ndugu yake katikati ya Kiingereza. Tangu niligundue hili nimeacha kuchora vishale ubaoni.

Vitenzi vya namna hii tunaviita vya mkia wa mjusi: mkia unaachana na mwili na mjusi anaendelea kuishi. Ila usiuachie uende mbali mno. Kama nomino yako ni ndefu, "the radio my uncle brought from Dubai", acha mkia karibu na mwili: "turn off the radio my uncle brought from Dubai". Ukiutupa "off" mwisho kabisa wa sentensi, msikilizaji atafika amesahau unazima nini.

Nitajuaje kama mkia unakatika au haukatiki?

Vipo vya mkia wa ng'ombe, ambao haung'oki. "Look after", "look for", "come across", "get over", "run into". Hapa kiwakilishi hukaa nyuma ya mkia: "look after him", "I ran into her at the market". Ukisema "look him after" utaonekana umejikwaa.

Njia ya uhakika ni kamusi ya wanafunzi. Tazama pale vifupisho "sb" na "sth", yaani mtu na kitu, vilipowekwa. Kamusi ikiandika "turn sth off", kitu kiko katikati, basi ni mjusi. Ikiandika "look after sb", mtu yuko mwisho, ni ng'ombe. Wanafunzi wengi hupita juu ya vifupisho hivyo kama vumbi, na ndivyo vyenye jibu.

Kundi la tatu halina shida hii kwa sababu halina shamirisho kabisa: "the car broke down", "she grew up in Bukoba", "wake up!". Hivi ni vitenzi si elekezi, kama tunavyosema "gari limeharibika" bila kumtaja aliyeliharibu. Usiongeze "was". "The car was broken down" inanifikia kila wiki, na kila wiki naifuta.

Na vile vya maneno matatu?

Mkia wa aina hiyo kwa kawaida haukatiki hata kwa shoka. "Put up with", "run out of", "get away with", "catch up with". Kariri kama neno moja refu.

Mmoja wao naomba uutazame vizuri, kwa sababu unaharibu barua pepe nyingi za kikazi: "look forward to". Sisi tunasema "natazamia kukuona", tunaona "to", tunadhani ni ile "ku" ya "kukuona", tunaandika "I look forward to see you". Lakini "to" hiyo ni sehemu ya mkia, si ya kitenzi kinachofuata. Baada yake inakuja nomino au kitenzi chenye "ing": "I look forward to your visit", "I look forward to seeing you". Kama unaandikia wageni wanaokuja kupanda mlima, hii ndiyo sentensi yako ya mwisho kila siku. Irekebishe leo.

Je, mikia yenyewe ina maana?

Ina maana, ila si sheria ya serikali. Ukishaizoea utakisia vitenzi ambavyo hujawahi kukutana navyo, na mara nyingi utapatia.

"Up" anapenda kumaliza. "Eat" ni kula. "Eat up" ni kula hadi sahani ing'ae. "Use up" ni kutumia pakaisha, "tear up" ni kuchana vipande vipande. Pale tunaposema "kabisa" au "yote", Mwingereza mara nyingi anaweka "up".

"Off" hutenga na kukata: "cut off", "take off", "turn off", "see someone off" ya kumsindikiza msafiri. Anafanana sana na ile "ua" yetu ya kufungua na kuvua, kwa kuwa kitu kilichokuwa kimeshikamana kinaachana. "On" huendeleza: "go on", "carry on", "keep on". "Down" hupunguza, kama "slow down" na "cut down on sugar", na pia huweka kwenye karatasi, "write down", "note down". "Back" ndiyo rahisi kuliko wote, kila kitu kinarudi: "give back", "call back", "pay back". "Over" hurudia kwa makini, "go over the report", "think it over".

"Out" ana tabia tatu na huwa zinawachanganya watu. Kwanza hutoa au kugawa, "hand out". Pili humaliza mpaka hakuna, "run out", "sold out". Halafu ana ya tatu, ya kufichua: "find out", "point out", "work out" ya kupata jibu la hesabu. Nikitaja "work out" ya mazoezi ya mwili wanafunzi hulalamika, na wana haki.

Nimeambiwa Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki kina makosa yake kwenye jambo hili. Ni kweli?

Kina mazoea yake, na mengi yametoka kwenye lugha zetu. La kwanza ni kunyofoa mkia. "I called you but you didn't pick." "I will pick you at the airport." Kwa Kiswahili "hukupokea" ni neno moja na "nitakuchukua" ni neno moja, kwa hiyo tunaona "pick" imetosha. Kwa mtu wa London "pick you" ni kukuchagua, kama anayechagua wachezaji wa timu. Ataelewa kwa kukisia, lakini sema "pick up the phone" na "pick you up". Vivyo hivyo "fill the form": yeye anasema "fill in".

La pili ni kinyume chake, kubandika mkia pasipohitajika. "Cope up with" haipo, ni "cope with". "Discuss about" haipo, ni "discuss" peke yake. "Request for" kama kitenzi haihitaji "for", ingawa "ask for" inahitaji. Na "return back" ni kurudi mara mbili.

La tatu ni kuchanganya mikia. "Put off the light" unaisikia sana huku. Siku hizi mtu akisikia "put off" anafikiria kwanza kuahirisha. Tumia "turn off" au "switch off".

Msimamo wangu ni huu: ukiwa Nairobi, Kampala au Arusha na wenzako, "you didn't pick" inaeleweka na hakuna aliyekufa. Ukiwa kwenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, au mezani na mgeni aliyetoka leo kwenye ndege, rudisha mkia.

Kitenzi kimoja kina maana nne. Nianze na ipi?

Na ile utakayokutana nayo kwenye kazi yako. Mwongoza watalii anahitaji "set off", kuanza safari, kwa sababu kundi lake litaondoka kambini usiku wa manane kuelekea kilele cha mita 5,895. Anahitaji "slow down", "carry on" na "turn back". Anahitaji sana "throw up", kutapika, na "pass out", kuzimia, maana mgonjwa wa mwinuko hawezi kusubiri ufungue kamusi.

Hiyo "pass out" ina historia darasani kwetu. Kijana mmoja aliyepitia jeshini aliijua kwa paredi ya kuhitimu mafunzo, ile ambayo watu huiita "passing out". Akasoma sentensi, "My brother passed out on the second day", akauliza kwa mshangao ni chuo gani kinachohitimisha kwa siku mbili. Maana zote mbili ni za kweli. Lugha ya mazingira ndiyo inayoamua, kama sisi tunaposikia "kaa" tukajua kama ni la moto, ni yule wa baharini, au tumeambiwa tuketi.

"Take off" nayo ni ndege kuruka, nguo kuvuliwa, biashara kushika kasi. Usijifunze zote siku moja, zitagombana kichwani.

Matamshi je?

Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hutuvuta tuseme TURN off. Kwa kawaida mkia wa mjusi, na wa lile kundi la tatu, ndio unaobeba mkazo: turn it OFF, wake UP, we broke DOWN. Mkia wa ng'ombe wa "look after" au "look for" kwa kawaida hutamkwa kwa wepesi: LOOK for it.

Kitenzi kikigeuka kuwa nomino, mkazo unaruka mbele na mara nyingi maneno yanaungana. Gari "broke DOWN", lakini tulipata "a BREAKdown". Unapoingia kwenye kompyuta wewe "log in", maneno mawili; jina unalotumia ni "login", neno moja. Nomino hizi unazo tayari mdomoni bila kujua: pikapu, mekapu, nokauti, lokapu. Zote ni vitenzi vyenye mkia vilivyovuka bahari vikavaa kanzu.

Kwa upande wa kusikia, jua kwamba hawayatenganishi maneno. "Pick it up" inafika sikioni kama "pikitap". Wanafunzi wengi wanazijua phrasal verbs kwenye karatasi ila hawazisikii, kwa sababu wanasubiri maneno matatu na linakuja moja. Yatamke mwenyewe yakiwa yameshikana, sikio litafuata.

Si ni heri nitumie "postpone" na "tolerate" niachane na mikia?

Utaeleweka. Tatizo utasikika kama tangazo la serikali hata ukiwa unaomba chumvi. Mwaka 1985 watafiti Dagut na Laufer walionyesha kwamba wanafunzi wenye lugha ya Kiebrania, ambayo haina vitenzi vya namna hii, walivikwepa na kukimbilia neno moja. Nasi tunakwepa, na shule imechangia: Kiingereza tulikutana nacho kwenye vitabu vya biolojia na historia, penye "investigate" nyingi kuliko "look into".

Kwenye ripoti, mkataba au insha ya chuo, neno moja mara nyingi linafaa zaidi. Andika "the meeting was postponed". Kwenye simu na mezani, sema "they've put it off". Lakini usidhani kila chenye mkia ni cha mtaani. "Carry out a survey" na "point out an error" vinakaa vizuri kabisa kwenye maandishi ya kitaaluma. Na sisi tunapochagua "kufariki" badala ya "kufa" kwa ajili ya heshima, Mwingereza anachagua "pass away", chenye mkia, badala ya "die" kisicho nao.

Uingereza na Marekani wanatofautiana?

Kidogo. Fomu Mwingereza "fills in", Mmarekani "fills out". "Wash up" kwa Mwingereza ni kuosha vyombo, kwa Mmarekani ni kunawa mikono na uso. Na tahadhari moja: Mwingereza wa zamani alisema "knock me up at six", yaani nigongee mlango saa kumi na mbili asubuhi. Marekani maana yake ni kumpa mtu mimba. Kwa mgeni wa hoteli tumia "wake you up" tu.

Nijifunzeje basi?

Usikariri kwa kufuata kitenzi, yaani "get up, get in, get on, get off, get over" kwenye ukurasa mmoja. Hiyo ndiyo njia ya vitabu vingi na ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu vyote vinafanana na hakuna kinachovitofautisha. Jifunze kwa tukio. Safari ya daladala ina "get on", "get off", "hold on", "move over". Asubuhi ya nyumbani ina "wake up", "get up", "put on", "run out of" pale sukari inapoisha.

Andika sentensi nzima, si orodha ya maana. Na sentensi iwe ya kwako, yenye mtu unayemjua. Fundi baiskeli wetu aliandika "My brother-in-law never pays me back", na tangu hapo "pay back" haijawahi kumtoka.

Halafu kila kitenzi kipitishe kwenye kiwakilishi kwa sauti: "turn off the tap, turn it off, hand in the keys, hand them in". Dakika tano kwa siku zinatosha. Kwa anayejiandaa na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ambako maswali ya kubadilisha neno kwa phrasal verb ni ya kawaida, zoezi ni lile lile ila geuza: anza na "tolerate", toa "put up with".

Nifanye nini nikisikia nisichokijua katikati ya mazungumzo?

Uliza. "Sorry, what do you mean by that?" haijamvunjia mtu heshima. Kibaya ni kushika kichwa na kuuacha mkia.

Kabla sijawa mwalimu nilikuwa mpokezi kwenye hoteli moja. Siku moja mama mmoja alipiga kutoka Uingereza kuulizia vyumba. Katikati ya maelezo akasema, "Could you hang on a second?" Mimi nilikuwa nimejifunza wiki hiyo kwamba "hang up" ni kukata simu. Nilisikia "hang", sikujali kilichofuata, nikaona labda amemaliza na anataka niweke simu chini. Nikakata.

Baada ya dakika moja simu ikalia tena. "Sorry," alisema kwa upole, "I think we got cut off." Hiyo niliielewa bila kamusi. Hata kwetu simu hukatika.